Vilima vya Taita kwa pikipiki: Kupanda si kazi, kazi ni kushuka

Na Mwandishi Wetu

WENGI wetu tuishio Nairobi na Mombasa twaijua Voi kupitia dirisha la basi. Gari husimama, abiria hushuka kunyoosha miguu na kunywa chai, kisha utingo hugonga ubavu wa gari na safari huendelea. Ni wachache wanaoinua macho upande wa magharibi na kujiuliza vilima vile vya rangi ya samawati vina siri gani.

Makala haya, msomaji, ni ya kukushawishi siku moja ushuke hapo Voi na usirudi garini. Na ikiwa una mwenzio, mume au mke, na mmoja wenu ana leseni ya pikipiki, basi nakushauri mvipande vilima hivyo kwa magurudumu mawili. Mimi na mume wangu tulifanya hivyo mwezi wa Februari, siku tatu, watoto tukiwa tumewaacha kwa nyanya yao. Hata hivyo, kabla hujatia ufunguo, yafaa ujue kwamba safari hii ina utamu wake na ina masharti yake. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hawakuwa na pikipiki, lakini ni kana kwamba walikuwa wameiona barabara ya Wundanyi.

KWA NINI PIKIPIKI

Matatu za kwenda Wundanyi hupatikana Voi, na kwa familia yenye watoto hiyo ndiyo njia ya busara. Sheria ya barabarani ya Kenya huruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu, na humtaka dereva pamoja na abiria wake wavae kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga. Ule mtindo tunaouona mitaani, baba mbele, mama nyuma na mtoto amebanwa katikati, usithubutu kuupeleka milimani.

Na hiyo kofia usiivae kwa sababu ya askari. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ifunge mkanda wake kidevuni. Kofia isiyofungwa ndiyo huwa ya kwanza kuruka.

Sasa utauliza, ikiwa hatari zipo, kwa nini mtu asipande matatu akajikalia? Jibu ni kwamba nchi ya vilima haionekani vizuri kupitia bega la mtu mwingine. Juu ya pikipiki unasikia joto la Voi likikuacha kidogo kidogo, unanusa udongo uliomwagiliwa maji, na unaposikia mto unazima injini ukausikiliza. Tena huna haja ya pikipiki kubwa ya kifahari. Hii ya kawaida ya cc 150, ambayo waendesha bodaboda hupanda nayo milima hiyo kila siku wakiwa na abiria na gunia la kabeji, inatosha kabisa.

Kabla ya kuondoka Voi mpelekeeni fundi aiangalie: breki ya mbele na ya nyuma, upepo wa tairi, cheni na taa. Mizigo ifungwe chini na katikati. Begi linaloning'inia upande mmoja huivuta pikipiki kwenye kona, nanyi mtakutana na kona nyingi.

KUTOKA JOTO HADI BARIDI

Mkitoka Voi mnashika barabara ya Taveta. Kushoto kwenu kinasimama kilima cha Sagalla, ambako wamishonari wa Kianglikana walifungua kituo chao cha kwanza katika nchi ya Wataita mwaka 1883. Sagalla ni mmoja wa milima mitatu mikuu ya Wataita. Mwingine ni Kasighau, ulioko kusini zaidi, peke yake nyikani. Wa tatu, ambao ndio mkubwa na wenye watu wengi, ni Dawida, na huko ndiko mnakokwenda.

Kutoka Voi hadi Mwatate ni kilomita 25 hivi za lami iliyonyooka. Msidanganywe na wepesi wake. Mko katika nchi kavu inayopakana na mbuga za Tsavo, na ndovu huvuka barabara hii wapendavyo, hasa alfajiri na magharibi. Mkimwona ndovu, simameni mbali, msipige honi wala kumulika taa, na msijaribu kupenya mbele yake. Mwachieni barabara hadi amalize shughuli zake. Kwa hiyo panga safari yako uvuke uwanda huu kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri.

Karibu na Mwatate mtaona safu za mkonge za shamba la Teita, safu baada ya safu kama nywele zilizosukwa. Mwatate ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Taita-Taveta, ingawa enzi za wilaya heshima hiyo ilikuwa ya Wundanyi. Hapo kateni kulia, na mlima unaanza.

Hizi kilomita 15 hivi kutoka Mwatate hadi Wundanyi ni za lami, lakini ni lami iliyojikunja kama nyoka aliyeshtuka. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote katika vilima hivi, kina mita 2,208. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila upandapo mita 1,000, na ndiyo maana mtu aliyetoka Voi na shati lililolowa jasho hufika Wundanyi akiulizia jaketi. Injini nayo hulijua jambo hili. Hewa ya juu ni nyepesi, nguvu hupungua kidogo, na mkiwa wawili itabidi mteremshe gia mapema, kabla pikipiki haijaanza kulia.

Njiani mtaona kazi ya mikono ya Wataita. Mashamba yamechongwa kwa matuta kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili, na mifereji huteremsha maji kutoka tuta hadi tuta. Migomba, mahindi, kabeji, nyanya, makadamia na parachichi vimeshikana. Wewe uliyeko Mombasa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mboga iliyoko jikoni mwako leo ilitoka huku.

ALIYE MBELE NA ALIYE NYUMA

Hapa ndipo nataka unisikilize, wewe na mwenzio. Katika pikipiki, aliye mbele huona barabara na aliye nyuma huona nchi. Dereva mwaminifu hawezi kutazama bonde, kwani macho yake yako kwenye kona, changarawe na lori la mboga linaloteremka. Abiria ndiye mwenye kuona maporomoko, mwamba na watoto wanaopunga mkono. Mkipanda mlima mzima bila kusimama, mmoja wenu amefika Wundanyi bila kuiona Taita.

Kwa sababu hiyo sisi tulikubaliana mambo matatu tukiwa bado Voi. La kwanza, kila baada ya dakika ishirini tunasimama, kuwe na mandhari au kusiwe nayo. La pili, abiria akigonga bega la kulia mara moja, maana yake punguza mwendo. Akigonga mara mbili, maana yake simama mahali salama, na dereva asimame kwanza ndipo aulize sababu. La tatu, dereva ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kwenda kasi zaidi, na abiria ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kusimama.

Huenda ukaona haya ni mambo ya kitoto. Lakini fikiria: upepo unavuma, injini inaunguruma, mmevaa kofia, na hakuna anayesikia la mwenzake. Mke anayekaa nyuma amemkabidhi mumewe uhai wake mzima, na hana usukani wala breki. Mume naye akibeba mke anayejirusharusha kwa hofu hawezi kukata kona sawasawa. Abiria hutakiwa kumkaribia dereva, kushika kiuno au vishikio, na kulala pamoja naye upande wa kona. Akijikaza upande wa pili, anaisukuma pikipiki nje ya barabara. Watu wawili waliokasirikiana hawawezi kufanya hivyo. Kama mna la kunena, lineneni kabla ya kuwasha injini.

WUNDANYI NA MISITU YAKE

Wundanyi yenyewe ni mji mdogo uliokaa bondeni, na vilima vimeuzunguka. Juu yake kuna mwamba wa Wesu na hospitali ya jina hilo. Hapa mtapata malazi ya kawaida, chai ya moto, na mkibahatika mtapata kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharage, chakula kinachomfanya dereva asahau kilomita zilizobaki. Mkihudumiwa semeni "chawucha", yaani asante kwa Kidawida, na mtaona uso wa aliyewahudumia ukikunjuka.

Kutoka mjini barabara za udongo zinaendelea juu, kuelekea Werugha, Mgange na Mwanda. Kiangazi zinapitika. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, udongo huo huteleza kama sabuni, na pikipiki yenye watu wawili haina biashara huko. Juni hadi Septemba mvua ni haba lakini baridi na ukungu hutawala. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri kwa mgeni. Asubuhi yenye anga safi, kutoka Vuria yenye minara ya mawasiliano, Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi. Mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, alipita katika nchi hii ya Wataita kwa miguu mwaka 1848, na ni katika safari hiyo, tarehe 11 Mei, alipouona mlima huo wenye theluji, habari ambayo wasomi wa Ulaya waliikataa kwa miaka mingi.

Ajabu kubwa zaidi, hata hivyo, haiko mbali kama Kilimanjaro. Iko msituni. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya mlolongo wa milima ya kale unaoshuka Tanzania kupitia Pare na Usambara hadi Udzungwa. Kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nyika kavu kama kisiwa baharini, viumbe wake wamekaa peke yao kwa muda mrefu sana na kuwa wa namna ya pekee. Katika mabaki ya misitu ya Ngangao, Mbololo na Chawia kuna ndege ambao hawapatikani penginepo duniani, miongoni mwao mkesha wa Taita mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, na kijidege kidogo ambacho wataalamu hukiita Apalis wa Taita. Mbololo kuna ua dogo la zambarau, la jamaa moja na maua yale ambayo Wazungu hupanda vyunguni na kuweka madirishani. Huko Sagalla, ardhini, anaishi kiumbe wa jamaa ya chura asiye na miguu, anayefanana na nyungunyungu, ambaye naye hana kwao kwingine.

Nimesema "mabaki" kwa makusudi. Msitu wa Ngangao una hekta 120 hivi tu, eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Sehemu kubwa ya msitu wa asili ilifyekwa kwa vizazi vingi kupata mashamba, na mahali pengine pakapandwa mikaratusi na misonobari ya kigeni. Misitu hii hunasa ukungu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Matone hukusanyika majanini, hudondoka, huingia ardhini na kutokea chini kama chemchemi. Maji hayo ndiyo ya mifereji ya kabeji, na ndiyo yanayouanzisha mto Voi ulioko kule chini kwenye joto. Kwa hiyo mkifika Ngangao, acheni pikipiki nje, ulizeni ofisi ya misitu au kijana wa hapo anayejua njia, mlipe kinachostahili, na mwingie kwa miguu.

Kuna mahali pengine pa kwenda kwa adabu zaidi. Zamani Wataita walizika maiti, na baada ya muda wakafukua fuvu na kulihifadhi katika pango pamoja na mafuvu ya wahenga wa ukoo. Baadhi ya mapango hayo yapo hadi leo, na pia misitu midogo mitakatifu iitwayo fighi. Usiende bila mzee wa mahali hapo, usiguse kitu, na usitoe kamera kabla ya kuruhusiwa. Hayo ni makaburi ya watu, na wajukuu wao wanaishi ng'ambo ya mto.

JIONI YA UKUNGU

Mpango wetu ulikuwa kulala Wundanyi usiku mmoja tu, na jioni ya siku ya pili turudi Voi, ambako tulikuwa tumekwisha lipia chumba. Tulitoka Ngangao saa kumi na robo. Kabla hatujafika mjini, ukungu uliteremka kama pazia, na manyunyu yakaanza. Taa ya pikipiki ilionyesha weupe mtupu.

Mume wangu si mtu wa haraka, lakini alikuwa na hesabu zake. Chumba kimelipiwa, kilomita ni 40 tu, na ukungu huenda ukaishia Mwatate. Mimi nyuma yangu nilikuwa na hesabu nyingine. Kushuka katika hali hiyo kungetuchukua saa nzima au zaidi, jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na tungeingia kwenye uwanda wa ndovu katika saa yao hasa. Niligonga bega mara mbili. Alisimama mbele ya duka moja Wundanyi, akavua kofia, akaniuliza, "Kuna nini, mama watoto?" Nikamwambia: "Tulale hapa."

Hakupenda. Alitazama barabara, akatazama mfuko, akakumbuka masharti ya Voi. Tukalala. Pesa za chumba cha Voi zilipotea, na haziku-rudi hata tulipoomba. Asubuhi ya tatu tulishuka kweupe, jua likiwa limekausha lami. Kati ya Mwatate na Voi tulikuta kinyesi cha ndovu kando ya barabara, mahali pawili, kikiwa bado kibichi.

Sitakuambia kwamba usiku ule tungekutana nao. Hilo analijua Mungu. Ninachokuambia ni kwamba bei ya chumba kimoja ilikuwa ndogo kuliko kubahatisha.

NAMNA YA KUSHUKA

Na sasa, hiyo ngoma yenyewe. Kosa linalowaponza wengi katika mteremko ni kutoa gia na kuiachia pikipiki iteremke yenyewe, ati kuokoa petroli. Ukifanya hivyo umebakiwa na breki peke yake. Breki inayoshikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na ikipata moto hulegea, pengine kwenye kona ile ile uliyokuwa ukiihitaji.

Kanuni ya madereva wa milimani ni nyepesi: gia uliyopandia ndiyo ushukie. Iweke ya pili au ya tatu, achia mafuta, na injini yenyewe itaishika pikipiki. Breki iguse kwa vipindi, ya nyuma na ya mbele pamoja, ukiwa bado umenyooka, kabla ya kuingia kona. Ndani ya kona usikamate breki ya mbele kwa ghafla, hasa palipo na mchanga au maji. Kaa upande wako wa kushoto, na kila kona usiyoona mwisho wake, chukulia kwamba ng'ambo yake kuna lori. Kumbuka pia kwamba mkiwa wawili uzito wote husukuma mbele. Abiria ajizuie kwa vishikio, asimlalie dereva mgongoni.

Mkifika Mwatate, simameni mnywe chai. Mikono ya dereva itakuwa imechoka kuliko alivyodhani. Kisha ngojeni jua lipande vizuri ndipo mkabili uwanda.

Kwa wewe mwanafunzi au mwenye mfuko mwepesi, safari hii haina gharama kubwa ukilinganisha na zile za hoteli za pwani. Petroli ya tangi moja inatosha kwenda, kuzunguka na kurudi Voi, na chakula cha Wundanyi ni cha bei ya mwananchi. Kwa wenye ndoa, jaribuni kuipanga siku tatu hata kama mbili zinaonekana kutosha. Hiyo ya tatu iacheni wazi kwa ajili ya ukungu. Ukungu huo ndio unaokuza mboga na kulisha mito. Ukishuka jioni, hauna budi kuheshimiwa. Zimeni injini, mwagizeni chai, na mngoje asubuhi pamoja na wenyeji.

Safari njema, msomaji.